Kisa Unacho, Hadithi Bado

Mwaka 1984 Abdulrazak Gurnah alirudi Zanzibar kutembea, baada ya miaka mingi ya kuishi Uingereza. Siku moja, akiwa dirishani, alimwona baba yake akipita kwenda msikitini. Alikuwa mzee sasa. Likamjia swali: huyu mzee, alipokuwa mtoto, aliona nini? Utoto wa baba yake uliangukia zama ambazo utawala wa Wazungu ulikuwa bado unajikita pwani, na bila shaka macho ya mtoto yule yalishuhudia mengi ambayo baadaye hakuna aliyemwuliza. Gurnah mwenyewe ameisimulia habari hii alipoeleza chimbuko la riwaya yake ya Paradise, iliyotoka mwaka 1994, miaka kumi baada ya siku ile ya dirishani. Leo riwaya hiyo inasomeka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Anayefungua Peponi akimtafuta mzee yule hatampata. Atakutana na Yusuf, mvulana wa miaka kumi na miwili, anayechukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu baba yake ana deni asiloweza kulilipa. Mzee wa kweli alichotoa ni kule kupita mbele ya dirisha tu. Mengine yote yalizaliwa na swali.

Waandishi wengi wanaoanza hukwama hapa. Husikia kisa cha kweli kikawachoma moyo, wakakaa wakakiandika kilivyo, tangu alfajiri hadi jua kuzama, kisha wakashangaa mbona kimepoa. Rafiki akisoma na kusema hapa pamelegea, hujibu kwa uchungu: "Lakini ndivyo ilivyotokea!" Jibu hilo linamfaa shahidi kizimbani. Msomaji wa hadithi anataka kufikishwa asikofika shahidi: ndani ya chumba kilichofungwa, ndani ya kichwa cha mtu, usiku wa kuamkia tukio. Kwa hiyo ukishakipata kisa chako, kazi ya kwanza ni kutafuta usichokijua ndani yake. Kiandike kwa umbo la swali, juu kabisa ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Kama huna swali, kisa hicho ni habari. Mpelekee mhariri wa gazeti, naye atakushukuru.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha tofauti. Siku ya Krismasi mwaka 1971, huko Isimani mkoani Iringa, mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, katika siku ambazo kilimo cha ujamaa kilikuwa kikisukumwa kwa nguvu mkoani humo. Aliupakia mwili kwenye gari la Mkuu wa Mkoa mwenyewe, akaliendesha hadi kituo cha polisi mjini Iringa, akajisalimisha. Alishtakiwa, akahukumiwa kifo, akanyongwa. Miaka minne baada ya tukio, 1975, Euphrase Kezilahabi alitoa Dunia Uwanja wa Fujo, riwaya ambayo mhusika wake mkuu, Tumaini, anaishia kumwua kiongozi wa serikali kwa ajili ya ardhi inayochukuliwa. Mwangwi wa Isimani unasikika waziwazi.

Lakini tazama alichokifanya Kezilahabi. Riwaya yake haianzii Iringa. Inaanzia Ukerewe, kisiwa alichozaliwa mwenyewe na alichokijua njia kwa njia. Na damu haimwagiki ukurasa wa kwanza. Kabla yake tunamfuata Tumaini tangu ujana: mali ya urithi inavyomponyoka, starehe zinavyomchosha, anavyojirekebisha na kuwa mtu wa shamba. Mahakama ilishughulika na siku moja. Mwandishi akashughulika na miaka yote iliyoitangulia, maana swali lake halikuwa "nani alipiga risasi?" Hilo kila mtu alikuwa analijua.

Visiwani desturi hii ya kukitazama upya kisa cha kweli ni ya zamani kuliko riwaya. Katika miaka ya 1920 Siti binti Saad na wenzake waliimba wimbo wa Kijiti, uliotokana na mauaji ya kweli ya mwanamke aliyekuwa ametoka Dar es Salaam kuja kutembea Unguja. Mwuaji alitorokea bara, na lawama za mahakama zikawaangukia wanawake waliokuwa wamefuatana na marehemu. Mtaa mzima ulizijua habari hizo kabla ya wimbo. Wimbo uliwapa watu nafasi ya kuisimamisha tena kesi ile na kuitazama hukumu yake, jambo ambalo hakimu hakuwaruhusu.

Basi vipi mtu afanye haya kwa vitendo? Aanze na daftari, dogo la kuingia mfukoni, au simu kama ndiyo inayokaa mkononi. Kosa la daftari nyingi ni kujaa hisia: "leo nimesikitika sana sokoni." Baada ya mwezi mmoja sentensi hiyo haina kitu ndani. Kinachodumu ni kilichoonekana na kusikika. Andika maneno yenyewe yaliyotamkwa, kwa lafudhi yake, hata kama sarufi imevunjika. Andika kiasi cha fedha. Andika mikono ilikuwa inafanya nini wakati mdomo unasema. Mwanamke anayesema "mimi sina kinyongo naye" huku anachambua mchele kwa kasi na kutupa hata punje nzima ameshakupa nusu ya hadithi, bora uiandike ile punje.

Kisha jifunze kazi za watu. Hapa ndipo penye utajiri mwingi kuliko mahali pengine popote, na ndipo panapopuuzwa zaidi. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, muumba wa mpelelezi Bwana Msa, alikuwa bwana afya kabla ya kuwa mwandishi wa habari. Bwana afya ni mtu anayepiga hodi kwenye nyumba za watu kwa ruhusa ya sheria: anaingia uani, anachungulia kisima, anafunua mtungi, anaona nani anaishi na nani na nani amehama ghafla. Si ajabu mtu aliyepitia kazi hiyo akaja kuandika hadithi za upelelezi. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957–58, ikachapishwa 1960, na riwaya iliyofuata, Kisima cha Giningi, ikatoka 1968. Wanaosema Bwana Msa ana undugu na Sherlock Holmes hawakosei, lakini nyumba anazoingia ni za Unguja, na zinanuka Unguja.

Adam Shafi naye. Kuli, riwaya yake ya mwaka 1979, imejengwa juu ya mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948. Mwandishi alizaliwa 1940. Mgomo ulipotokea alikuwa mtoto wa miaka minane, kwa hiyo habari za magunia, za wasimamizi, za hasira iliyokuwa ikichemka gatini, ilibidi zimfikie kupitia vinywa vya waliokuwapo na kupitia mji aliokulia. Kijana wa leo anayetaka kuandika juu ya mgodi wa Mererani, mashamba ya mkonge ya Tanga au viwanda vya nguo vilivyofungwa yuko katika hali hiyohiyo. Hakuwapo. Inabidi aulize.

Na kuuliza kuna adabu na ufundi wake. Ukimwendea mzee aliyebeba mizigo bandarini ukamwuliza, "Babu, ulijisikiaje?" atakujibu "tuliteseka sana, mjukuu wangu," na mazungumzo yameishia hapo. Shikamoo kwanza, kaa chini, kunywa chai utakayopewa. Halafu uliza ya mikono: gunia ulikuwa unalibeba bega gani? Ulivaa nini begani lisikuchune? Nani alikuwa anashika daftari la majina, na ikitokea amekuruka ulifanyaje? Mlikula wapi, kwa mama lishe yupi, kwa mkopo au taslimu? Mzee ataanza kujibu kwa mdomo na kumalizia kwa kusimama na kukuonyesha. Hapo usiandike, tazama. Utaandika ukifika nyumbani, usiku huohuo, kabla hujalala. Na kabla hujaaga, mwambie wazi kwamba unaandika, uombe ruhusa yake. Kumchota mtu maneno bila yeye kujua ni wizi hata kama hujamtaja.

Karatasi nazo zinasaidia pale wazee walipoondoka. Nyaraka za Taifa zipo Zanzibar, na Kenya wanazo zao Nairobi, Moi Avenue. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina ya East Africana yenye magazeti ya zamani. Gazeti la zamani lisomwe lote, pamoja na matangazo ya biashara, barua za wasomaji na bei ya sukari. Mara nyingi ukurasa wa matangazo una maisha mengi kuliko ukurasa wa mbele.

Sasa tuchukue kisa kidogo tukifanyie kazi hadharani.

Tuseme mwandishi amepanda daladala ya Mbagala jioni. Konda anatikisa sarafu kiganjani, ishara ya kudai nauli. Bibi mmoja mwenye furushi anafungua fundo la khanga, anatoa noti ya elfu kumi. Konda anasema hana chenji. Bibi anajibu basi atakaa naye mpaka mwisho wa gari, chenji itapatikana, abiria wanacheka. Mwisho wa gari konda anamrudishia ile noti yake nzima, anamshushia furushi, hakuchukua hata senti. Mwandishi anashuka na kisa kizuri mkononi.

Anayekimbilia kalamu ataandika hivi: "Kulikuwa na konda mmoja mwenye roho nzuri sana. Siku moja alimhurumia bibi kizee akamsamehe nauli." Ndivyo ilivyotokea, na ni maneno mafu. Neno "huruma" limekwisha kumaliza kazi ambayo msomaji alipaswa kuifanya mwenyewe.

Anayesubiri atauliza: ni kipi sikukiona? Hakuona baada ya hapo. Fedha ya konda si yake; kuna hesabu ya tajiri inayosubiri kila jioni, na upungufu anaujibu yeye. Je, kama konda huyu ni deiwaka tu, ameshikiza siku moja, na leo ndiyo anapimwa kama atapewa gari kesho? Sasa ile nauli ya bibi ina uzito. Jaribu tena:

Shomari alizipanga noti pajani, za elfu huku, za elfu mbili kule, sarafu akazimimina kwenye kofia. Akahesabu mara ya tatu. Suka alikuwa ameshazima injini. "Yule bibi wa furushi alikupa ngapi?" aliuliza bila kugeuka. "Alilipa," Shomari akasema, akaangalia vidole vyake. Fundo la ile khanga lilikuwa limefungwa mara mbili, kama mama yake alivyokuwa akifunga.

Kipi humo kimetoka kwenye daladala? Sarafu, furushi, khanga, noti. Kipi kimebuniwa? Jina, uongo wa Shomari, swali la suka, na mama. Hakuna aliyeambiwa kwamba mama amefariki, lakini msomaji ameshaanza kuhisi hivyo kwa sababu ya neno "alivyokuwa". Tukio halisi liliisha bibi aliposhuka. Hadithi ilianza dakika hiyo, ndani ya gari tupu. Mwandishi anayeifanya kazi hii kila wiki kwa kisa kimoja kidogo, aya moja tu, baada ya miezi sita atakuwa na aya ishirini na sita, na mbili au tatu kati yake zitamdai azimalize.

Swali gumu linalofuata ni la kuhamisha. Vipo visa ambavyo haviwezi kuandikwa pale pale vilipotokea, ama kwa sababu ya watawala, ama kwa sababu ya majirani. Shaaban Robert aliishi na kufanya kazi serikalini chini ya Waingereza. Mwaka 1951 alitoa Kusadikika, habari za nchi inayoelea angani, ambako Karama anasimama mbele ya baraza akijitetea kwa kusimulia yaliyowapata wajumbe sita waliotumwa nje na kurudi na manufaa, wakalipwa adhabu. Haikutajwa Tanganyika wala gavana. Msomaji wa Tanga alijua anasoma nini. Somo lake kwa mwandishi wa leo ni la kiufundi: nchi inaweza kuinuliwa ikaning'inizwa hewani, lakini dhuluma yenyewe lazima iwe ile ile, yenye utaratibu ule ule, mashtaka yale yale, waoga wale wale barazani. Ukihamisha mahali na ukalegeza na dhuluma pia, umebaki na ngano ya watoto.

Au unahamisha wakati, yaani unasubiri. Baada ya Rais Abeid Amani Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, watu wengi walikamatwa Zanzibar, na Adam Shafi alikuwa mmoja wao. Riwaya yake iliyotokana na masaibu hayo, Haini, ilitoka mwaka 2003. Miaka thelathini na moja! Si kila mtu anahitaji muda huo, na wala si sharti la ubora. Lakini anayeandika juu ya jeraha lake mwenyewe afanye jaribio hili: je, anaweza kumwandikia mtesi wake ukurasa mmoja unaomwonyesha akila, akisinzia, akimwuliza mwanawe habari za shule? Kama mkono unakataa, kisa hakijaiva. Akiweke. Aandike kingine kwanza. Hakuna haramu katika hilo, na kisa hakiozi.

Linabaki la watu wa karibu, na hili lisemwe bila kuzunguka. Kubadili jina peke yake hakumfichi mtu. Ukimwita mjomba Hamisi "Hamadi" ukamwachia jicho lake moja, duka lake la mkaa na ugomvi wake wa kiwanja, mtaa utamtambua kabla ya ukurasa wa pili, na sheria ya kashfa haiulizi umetumia jina gani. Inauliza kama watu wanaweza kumjua. Mfiche kwa kweli. Mpe kazi nyingine inayoleta tabia ile ile: mtu mgumu wa mkaa anaweza kuwa mtu mgumu wa kushona viatu. Mgawe mtu mmoja awe wawili. Au wachanganye watatu wawe mmoja, hata wenyewe wakisoma wagombane ni nani kati yao. Mara nyingi mhusika anayepatikana hivyo huwa na uhai zaidi, kwa sababu mwandishi ameacha kumlinda na kumhofia, ameanza kumfikiria.

Zipo siri ambazo hata zikifichwa hivyo hazifai. Binti wa nyumbani aliyebakwa, ndugu aliyeficha ugonjwa wake, mtoto ambaye hajui baba yake ni nani: hao hawakuomba kuwa riwaya. Uamuzi huu hakuna mhariri atakayeufanya kwa niaba ya mwandishi. Kipimo kinachofaa ni kujiuliza nani atalia kitabu kikisomwa sebuleni, na kama machozi hayo yamelipiwa na kitu chochote zaidi ya sifa za mtunzi.

Tofauti kabisa na hayo ni maumivu ya mwandishi mwenyewe. Hayo ni yake, ana haki nayo, na anaweza hata kuyageuza. Turudi Ukerewe, kisiwa cha Kezilahabi, kwa mzee mwingine aliyemtangulia. Aniceti Kitereza na mkewe walizaa, na watoto wao wakafariki. Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa Kikerewe, riwaya ndefu juu ya mume na mke wanaopendana ambao wamekosa mtoto, na ukoo unaoingilia kati kutaka kuwatenganisha. Wachapishaji hawakujitokeza. Akaigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili, akangoja.

Angeweza kuwaacha wahusika wake na kilichompata yeye. Kila alichokihitaji kuandika huzuni hiyo alikuwa nacho nyumbani. Lakini aliwapa watoto wawili, mvulana na msichana, akawalea kurasa kwa kurasa: magonjwa yao, dawa zao, michezo yao, ndoa zao. Kitabu kilitoka Dar es Salaam mwaka 1980, miaka thelathini na mitano baada ya kuandikwa, na mwandishi akafariki mwaka uliofuata. Jina lake kamili ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Majina mawili ya mwisho ni ya watoto.